Nakala Rudufu za Kompyuta: Njia Inayowafaa Wananchi wa Ngara na Biharamulo

Na Mwandishi Wetu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera, daftari la baadhi ya kaya sasa ni kompyuta. Mwalimu huhifadhi humo alama za wanafunzi, katibu wa chama cha msingi cha ushirika huweka humo hesabu za kahawa za wakulima, na familia hutunza humo picha pamoja na nakala za vyeti na hati za ardhi. Swali ambalo kila mwenye kompyuta anapaswa kujiuliza ni hili: mashine hiyo ikitoweka usiku wa leo, kesho asubuhi kitabaki nini?

Vyanzo vya upotevu vinafahamika. Diski huchakaa na kufa bila kutoa taarifa. Umeme ukikatika ghafla wakati kompyuta ya mezani inaandika faili, faili hilo linaweza kuharibika. Radi, wizi na moto havichagui. Aidha, wakazi wa Kagera hawajalisahau tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba, 2016, ambalo liliua watu na kubomoa nyumba nyingi, hususan Bukoba na maeneo ya jirani. Nakala iliyokuwa kabatini katika nyumba iliyoanguka haikuwa salama kuliko kompyuta yenyewe.

Kinga ni nakala rudufu, yaani nakala ya pili ya mafaili iliyohifadhiwa mahali tofauti na kompyuta. Njia zinazopatikana kwa mwananchi wa kawaida ni tatu.

Ya kwanza ni flashi. Ni nafuu na hubebeka, lakini hupotea kwa urahisi na hueneza virusi inapochomekwa katika kompyuta nyingi. Inafaa kusafirishia nyaraka. Haifai kuwa nakala pekee.

Ya pili ni diski ya nje. Hubeba picha na video nyingi, haihitaji bando wala mtandao, na mifumo ya Windows na macOS ina programu zake za kuhifadhi nakala bila malipo ya ziada. Sharti lake ni kuichomoa mara kazi inapokamilika. Kirusi WannaCry, kilichosambaa duniani mwezi Mei, 2017, kilifunga mafaili ya kompyuta na kudai fidia. Diski iliyoachwa imechomekwa hufungwa pamoja na kompyuta.

Ya tatu ni hifadhi ya mtandaoni. Ndiyo inayosalimika nyumba inapoungua au kuvunjwa, na Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo kwa kila akaunti. Gharama yake ni bando na muda. Kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 2 kwa sekunde, nyaraka za gigabaiti 2 huchukua zaidi kidogo ya saa mbili, ilhali picha za gigabaiti 40 huchukua takriban saa 44. Ikumbukwe pia kuwa huduma inayooanisha mafaili si nakala rudufu kamili: faili likifutwa kwenye kompyuta, hufutwa na mtandaoni, na muda wa kulirejesha una kikomo.

Hesabu hiyo inaonesha kuwa hakuna haja ya kuchagua njia moja kwa kila kitu. Kanuni iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, hutaka nakala 3, katika vifaa vya aina 2, na 1 kati yake iwe nje ya nyumba. Kwa mazingira ya Kabanga, Rulenge, Nyakahura au Nyakanazi, kanuni hiyo inaweza kutekelezwa hivi: nyaraka, ambazo ni nyepesi, zipandishwe mtandaoni kila wiki, picha na video ziwekwe katika diski ya nje kila mwezi, na diski ya pili ihifadhiwe kwa ndugu anayeishi mji mwingine, ibadilishwe na ile ya nyumbani kila anapotembelewa.

Diski inayotoka nyumbani ilindwe kwa nywila, kwa kuwa inaweza kuwa na namba za vitambulisho na taarifa za fedha. Jambo hili lina uzito zaidi kwa anayetunza taarifa za watu wengine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa kuzilinda dhidi ya kupotea na dhidi ya kufikiwa na wasiohusika. Hivyo, mwalimu au katibu wa ushirika apate kwanza idhini ya taasisi yake kabla ya kuziweka taarifa hizo katika kompyuta au akaunti binafsi.

Hatua ya mwisho husahaulika na wengi: kuijaribu nakala. Angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu, mwananchi afungue baadhi ya mafaili ya nakala katika kompyuta nyingine na kujiridhisha kuwa yanasomeka. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni tumaini tu, na tumaini halirudishi hesabu za msimu mzima wa kahawa.