‘Anachomwa’, lakini hakuambukizi chochote

KWENYE ploti yetu, ukisikia fulani ‘anachomwa’, unajua ni saratani. Neno hilo ndilo lililotutia kiwewe mjomba alipoanza tiba ya mionzi kwa saratani ya mapafu. Alitengewa kikombe. Watoto wakakatazwa kumkalia mapajani. Nami, mjuaji wa mitandao, nikahamia kwa beshte yangu kwa siku kadhaa nikisingizia kazi.

Siku niliyomsindikiza hospitalini ndipo nilipoona haya. Alilazwa kwenye kitanda kigumu, mikono juu ya kichwa, mashine ikamzunguka. Hakuna moto wala harufu. Robo saa hivi, tukawa nje tukitafuta chai. Nilikuwa nimemuuliza mhudumu kama mjomba anatoka na mionzi mwilini. Akacheka: “Kijana, wewe ukipigwa eksirei huwa unalala peke yako?”

Basi elewa hivi. Mionzi ya mashine ile ni kama ya eksirei, ila ina nguvu zaidi. Mashine ikizimwa, imeisha. Hakuna kinachobaki cha kukudhuru. (Kuna tiba nyingine ambapo chanzo cha mionzi huwekwa ndani ya mwili. Hiyo ina masharti yake, muulize daktari.) Mionzi huharibu jeni za seli za saratani zishindwe kuzaana. Seli nzima nazo huumia, lakini hujirekebisha vizuri zaidi, na ndiyo maana dozi hugawanywa: siku 5 kwa wiki, mara nyingi kwa wiki 6 hivi.

Si kila mtu hupitia hayo yote. Uvimbe mdogo ambao haujasambaa unaweza kulengwa kwa vipindi vichache vyenye dozi kali. Na saratani ikishasambaa, kipindi kimoja au vichache huweza kutuliza maumivu ya mifupa au kuzuia kukohoa damu.

Nywele za mjomba hazikung’oka. Zinazong’oka ni za mahali palipopigwa mionzi. Kilichomtesa ni koo: wiki ya tatu ugali ulikataa kupita, akawa mtu wa uji na supu. Na uchovu, jamani! Halafu kuna hili ambalo wengi hulisahau: mapafu yanaweza kuvimba mwezi 1 hadi 6 baada ya tiba kuisha. Ukiona kikohozi kikavu, homa au pumzi za shida, usikimbilie kemisti. Mrudishe hospitalini.

Ila vita vyenyewe ni nauli. Vipindi 30 ni safari 30, na ukiruka siku unazipa seli za saratani nafasi ya kujipanga upya. Mjomba alikosa vipindi viwili kwa kukosa doo ya matatu. Wiki hiyo hiyo mimi nilikuwa nimenunua raba mpya.

Hospitali ilimwongezea siku mbili mwishoni. Hizo nilimpeleka mimi.