Mtungi wa Utepe wa Kijani na Manjano: Nani Auchukue?

Asubuhi, kabla mashua haijang'oa nanga kwenda matumbaweni, mpiga mbizi aliyefika katika pwani za Unguja au Pemba huenda akaulizwa swali ambalo hakulitazamia: atachukua mtungi wa hewa ya kawaida, au ule uliozungushiwa utepe wa kijani na manjano? Wengi hujibu upesi kwamba watachukua wa pili, kwa kuwa wamesikia kwamba hewa yake ni bora. Jibu hilo la haraka ndilo la kuangaliwa.

Hewa avutayo binadamu ina oksijeni kiasi cha sehemu 21 katika 100, na karibu zote zilizosalia ni naitrojeni. Chini ya maji, kwa nguvu ya mgandamizo, naitrojeni hupenya katika damu na nyama za mwili. Mtu akikaa huko muda mrefu kisha akapanda kwa pupa, gesi hiyo hufanya mapovu mwilini, mfano wa chupa ya soda iliyofunguliwa ghafla, na kumletea maumivu ya viungo, kupooza, na pengine kifo. Mtungi wenye utepe una naitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni hadi sehemu 32 au 36. Naitrojeni ikiwa chache, mpiga mbizi huweza kukaa chini zaidi bila kudhurika.

Wataalamu wa Marekani wa shirika la NOAA, linaloshughulikia bahari na anga, ndio walioieneza katika kazi zao za uchunguzi, wakaitia katika kitabu chao cha mwongozo mwaka 1979. Kwa majedwali ya wakati huo, mtu aliyezama mita 18 kwa hewa ya kawaida aliruhusiwa dakika 60. Kwa naitroksi ya 32, dakika 100. Hata hivyo, ilipoanza kufundishwa kwa raia mwaka 1985, wakubwa wengi wa mchezo huo waliipinga na wengine wakaiita gesi ya uchawi. Chama cha PADI kiliingiza mafunzo yake mwaka 1996, na kelele zikapungua.

Hofu ya wapinzani haikuwa ya bure. Oksijeni, ingawa ndiyo uhai, hugeuka sumu mgandamizo unapozidi. Kila mita 10 huongeza mgandamizo kwa kiasi kile kile kilichopo juu ya maji. Kwa hiyo naitroksi ya 32 haifai kupita mita 33 hivi, na ile ya 36 isivuke 28. Anayevuka huweza kushikwa na mtukutiko wa mwili kama mwenye kifafa, mara nyingi bila dalili ya kumwonya. Nchi kavu angepona. Majini kifaa cha kupumulia humtoka kinywani, akazama. Basi wale wanaodhani kwamba mtungi huu ni wa kwendea kina kirefu wamelishika jambo kinyume kabisa. Wala hauondoi ule ulevi unaowapata watu kilindini.

Anayefaidika hasa ni kiongozi wa wageni, ashukaye mara mbili au tatu kwa siku, wiki nzima, kwenye matumbawe ya mita 18 hadi 25. Mgeni anayezama mara moja katika mita 10 hewa yake ya mtungi itakwisha kabla ya muda wake kwisha. Huyo afadhali abaki na fedha zake.

Mwenye kuuchukua hana budi awe amefunzwa, na aipime oksijeni kwa mkono wake mwenyewe, asitegemee neno la mjazaji. Kisha huandika juu ya mtungi kiasi alichokipata, kina cha mwisho, tarehe na jina lake.

Tatizo huja pale nahodha anapobadili safari njiani. Mashua iliyokuwa ikienda kwenye matumbawe ya mita 18 sasa yaelekea Pemba, kwenye ukuta unaoteremka mamia ya mita chini ya maji ya buluu yasiyoonyesha mwisho. Hapo mwenye naitroksi ya 36 na aubadili mtungi kabla ya kuruka, au aseme waziwazi kwa mwenzake kwamba yeye hatapita mita 28, hata kamera ikimponyoka.