Kupaka Rangi Juu ya Koga si Tiba

Katika miji ya mwambao wetu, koga ni mgeni aingiaye bila kupiga hodi. Masika yanapotanda, kati ya Machi na Mei, kuta huota madoa meusi, kanzu za Ijumaa hutoka kabatini zikiwa na uvundo, na hata misahafu iliyokaa muda mrefu rafuni huingia madoa. Aghalabu tunalichukulia jambo hili kuwa ni hali ya hewa tu. Tunanunua rangi, tunapaka, na baada ya miezi michache doa huwa limerudi palepale.

Ndugu wasomaji, koga ni kiumbe hai katika jamii ya kuvu. Mbegu zake, zisizoonekana kwa macho, zimo hewani daima, na hakuna awezaye kuzimaliza. Kinachoziotesha ni maji. Basi anayefuta doa akaliacha chimbuko la maji ni kama aliyepepea moshi akauacha moto.

Wala hili si suala la mapambo. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo ulioeleza kuwa wakaao katika nyumba zenye unyevunyevu na koga wamo katika hatari kubwa zaidi ya kukohoa, kubanwa na kifua na kupata pumu. Mtoto ambaye godoro lake limeegemea ukuta uliolowa ndiye wa kwanza kuumia.

Kwa hiyo tuanze kwa kutafuta maji yanatoka wapi: paa linalovuja, bomba lililopasuka, unyevu unaopanda kutoka ardhini, au mvuke wa jikoni, bafuni na wa nguo zinazoanikwa ndani. Nyumba kongwe, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa huuachia unyevu wa ukutani nafasi ya kutoka. Zinapopigwa lipu ya saruji, unyevu hufungiwa ndani, nao ukuta huoza polepole. Ukuta wa chokaa utengenezwe kwa chokaa.

Chimbuko likishazibwa, doa lioshwe kwa maji na sabuni, kisha pakaushwe vyema. Mwoshaji afunike pua na mdomo, avae glavu na kufungua madirisha. Atumiaye dawa ya klorini asiichanganye kamwe na siki, dawa ya choo wala dawa yenye amonia, kwani hutoa hewa ya sumu. Kilicholowa, kama zulia au godoro, kikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48, kabla koga haijaota. Kabati lisogezwe mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite. Na matengenezo yafanywe wakati wa kaskazi, jua likiwa kali, si kusubiri mawingu ya masika.

Limebaki suala la haki. Mpangaji hana uwezo wa kuezeka paa lisilo lake, na mwenye nyumba anayepokea kodi huku akijua paa linavuja ana dhima juu ya afya ya waliomo. Kadhalika ambaye maji ya bafu lake yanapenya hadi ukuta wa jirani asingoje kulalamikiwa. Haki ya jirani twaijua sote. Na tuitekeleze, inshaallah, kabla mvua hazijaanza.