Kuvua Trauti kwa Siku Moja: Ratiba Huanzia Mtoni

Huenda walikumbuka lile tangazo lililobandikwa ubaoni mwezi wa Machi mwaka jana: "Wanachama wote! Twendeni Gatamaiyu tukavue trauti. Shilingi 1,200 tu." Aliyeliandika kwa kalamu nyekundu ni mimi, katibu wenu. Wanachama kumi na wawili walitoa pesa zao, wengine baada ya kuwabembeleza wazazi kwa majuma mawili. Tulirudi Nairobi jioni bila samaki hata mmoja, viatu vimejaa matope. Muhula wa pili ulipofunguliwa sikuweza kupita karibu na bwalo bila mtu kunipigia kelele, "Katibu, samaki wako wapi?" Makala haya ndiyo jibu langu.

Kwanza tumjue samaki mwenyewe, maana mimi nilipanga safari ya kumfuata bila kumjua. Trauti si mwenyeji wa mito yetu. Mwaka 1905 mlowezi mmoja Mwingereza, Ewart Grogan, alileta trauti wa kahawia kutoka Scotland na kuwatia katika mto Gura, kwenye safu za Nyandarua. Baadaye akaletwa pia yule mwenye ubavu wa rangi ya upinde wa mvua, na hadi leo serikali ina kituo cha kuwazalisha huko Kiganjo, karibu na Nyeri. Samaki huyu hupenda maji baridi, safi, yaendayo kasi, kwa sababu maji ya namna hiyo hubeba hewa nyingi ya oksijeni. Maji yakipata joto la nyuzi 20 na zaidi, huanza kutaabika. Ndiyo maana huwezi kumpata katika mito ya hapa mjini hata ungekuwa misafi. Ni lazima upande Nyandarua au Mlima Kenya. Kwa mtu wa Nairobi anayetaka kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, mto Gatamaiyu ni karibu: unapitia Limuru hadi Kimende, kisha unaacha barabara kuu na kuelekea msituni. Kimakia, kupitia Thika, pia panawezekana.

Sasa nije kwenye kosa langu. Nilianza kupanga kutoka kwenye matatu. Nilitafuta dereva, nikapatana naye, nikagawanya gharama kwa idadi ya watu, nikaongeza ya mkate na soda, basi! Tarehe niliichagua kwa kutazama kalenda ya shule: Jumamosi katikati ya likizo ya Aprili, kila mtu yuko huru. Lakini mto una kalenda yake. Mvua za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na Aprili ndiyo kitovu chake. Tulipofika tulikuta maji mekundu kama chai iliyomwagiwa maziwa, yanavuma na kubeba matawi. Trauti huwinda kwa macho. Hukaa ameelekeza kichwa kule maji yatokako, akingoja wadudu waletwe na mkondo. Maji yakichafuka, haoni kitu, nawe huna la kumwonyesha.

Kiongozi wetu alikuwa mzee wa pale pale kijijini, ambaye vijana wa huko humwita Guka, nasi tukamwita vivyo hivyo. Aliutazama mto, akatutazama sisi, akacheka kidogo.

"Katibu ni nani?"

"Ni mimi, Guka."

"Mbona hukunipigia simu Alhamisi? Mvua imepiga hapa siku tatu. Ningekwambia mlale."

Sikuwa na jibu. Namba yake nilikuwa nayo mfukoni. Binti mmoja wa kidato cha pili, aliyekuwa mgeni chamani, aliketi juu ya gogo muda wote akiutazama ule mto. Hakulalamika. Afadhali angelalamika.

Kwa hivyo, msomaji, ukitaka kupanga safari hii, anza na maji. Miezi mizuri ni Januari na Februari, halafu Juni hadi Septemba, ingawa Julai na Agosti kuna baridi kali na ukungu. Ukilinganisha na likizo zetu utaona Aprili haifai, na Novemba kuna mvua za vuli. Inabaki Agosti, au mapumziko ya katikati ya muhula wa pili. Ukisha kuchagua, mpate kiongozi kabla ya gari. Siku mbili kabla ya safari mpigie simu, na maneno yake yawe ya mwisho. Ni muhimu mpatane na dereva mapema kwamba kiongozi akisema mto umechafuka, mtaahirisha bila kupoteza amana. Dereva wetu wa pili alikubali jambo hili bila ubishi. Yule wa kwanza sikuwa nimemuuliza.

Mwulize kiongozi maswali yote, usione haya. Ana fito ngapi? Anaweza kusimamia watu wangapi? Je, malipo yake ni pamoja na leseni ya kuvua na ada ya kuingia msituni, au hizo ni juu yenu? Leseni ni ya idara ya uvuvi, ada ya msitu ni ya Shirika la Misitu, na ukichanganya hizo mbili utajikuta langoni unahesabu sarafu. Je, kuna haja ya askari wa kuwasindikiza? Nyandarua ina ndovu na nyati, na ndovu hakuulizi ni chama gani. Safari yetu ya kwanza tulikuwa watu kumi na wawili kwa fito mbili. Hata mto ungekuwa safi, wengi wangekuwa watazamaji tu.

Saa nazo zihesabiwe kurudi nyuma. Alasiri mlimani mvua huja ghafla, na jioni wanyama hushuka kunywa maji, kwa hivyo Guka hutaka watu watoke mtoni saa tisa. Mkitaka saa sita za kuvua, muwe mtoni saa tatu asubuhi. Mwendo ni kama saa mbili, nusu saa ya lango na makaratasi, basi matatu iondoke saa kumi na mbili na nusu kamili. Sisi mara ya kwanza tuliondoka saa tatu na nusu, tukimngoja mtu mmoja aliyekuwa akipiga pasi suruali!

Uvuvi wenyewe si ule wa kutumbukiza mnyoo na kusinzia. Unatumia nzi wa bandia, yaani ndoano iliyofungwa manyoya na nyuzi ifanane na mdudu. Hapa Kenya kuna watu wengi, hasa akina mama, wanaowafunga nzi hawa kwa mkono, na huuzwa hadi Ulaya na Marekani. Nzi huyo ni mwepesi mno, hatupiki. Kinachobeba uzito ni mshipi wenyewe, ndiyo sababu huurusha nyuma kwanza, ukangoja unyooke, kisha mbele. Wageni hawangoji. Mshipi hunasa mtini, au sikioni mwa jirani. Kwa hiyo kofia, na miwani kama unayo. Tulifanya mazoezi majuma mawili katika uwanja wa hoki tukiwa na fito mbili za kuazima, tumefunga kipande cha sufi mahali pa ndoano. Mwalimu wa zamu alitushangaa sana. Nguo nyeupe msivae, na mtoni msikanyage kwa vishindo. Mkaribie samaki kutoka nyuma yake, mkipanda na mto.

Safari ya pili ilikuwa katika mapumziko ya Juni. Walikubali wanane tu, fito nne, wawili wawili: mmoja anarusha, mwenzake anatazama nyuma. Maji yalikuwa meupe, unahesabu mawe ya chini. Hadi saa sita hakuna aliyepata kitu, na nilianza kutafuta maneno ya kuwaambia. Kisha nikasikia ukelele kutoka kwenye kidimbwi cha juu. Ni yule binti wa gogo. Ufito wake umepinda kama upinde, na Guka anamwambia polepole, "Usimvute, mwanangu. Mwache achoke."

Alikuwa na urefu wa kiganja na nusu, madoa meusi mgongoni, ubavu wenye mstari wa waridi. Guka alilowesha mikono kabla ya kumshika, maana mkono mkavu humbandua utelezi unaomkinga na maradhi, akamtoa ndoano na kumrudisha majini. Siku hiyo tulipata watatu kwa jumla.

Kati ya wale wanne waliokataa, watatu wamekwisha andikisha majina kwa safari ya Agosti. Wa nne bado anataka shilingi 1,200 zake, nami nimeanza kumlipa kidogo kidogo.