Samaki wa Bwawa Jipya Hula Nini?

Bwawa la Nyumba ya Mungu, katika mto Pangani, lilianza kujaa mwaka 1965. Majani na miti ilizama, ikaoza, ikawa mbolea majini. Mwani, yaani ule utelezi wa kijani, ukaota juu ya visiki. Perege hula mwani huo. Basi walizaana kwelikweli!

Kambale je? Huyo hachagui. Hula wadudu, konokono, hata perege wadogo. Hutafuta chakula usiku kwa sharubu zake. Kwa hiyo ndugu, ndoano yake tega jioni.

Lakini mbolea ile huisha. Baada ya 1970 samaki walipungua sana. Tusitafute mchawi: chakula kilipungua, na nyavu zilikuwa nyingi mno. Visiki vilivyomo majini tusivikate kuni. Perege bado hula pale.