Selimundu Haitoki Upande wa Mama Peke Yake

Mtoto alizaliwa salama, akanyonya, akanenepa. Anapokaribia nusu mwaka, vidole vya mikono na miguu vinavimba, usiku halali kwa kulia, macho yanaingia umanjano. Hospitali jibu linatoka: sikoseli, yaani selimundu. Na huko nyumbani swali linaanza kuzunguka: "Kwao huyu mwanamke kuna nani mwenye ugonjwa huu?"

Swali hilo limewaonea akina mama kwa muda mrefu mno.

Mwili wa mtu unajengwa kwa maelekezo yaliyomo kwenye jeni, na karibu kila jeni tunayo kwa nakala mbili: moja ya baba, moja ya mama. Jeni inayohusika hapa iko kwenye kromosomu ya 11. Inaelekeza jinsi ya kutengeneza sehemu ya hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu. Nakala ya kawaida huitwa A. Nakala S imetofautiana nayo kwa herufi moja tu, lakini inatosha: hemoglobini ya S ikishaachia oksijeni, hushikamana na kuwa nyuzi ngumu, na chembe inapinda kama mundu. Chembe nzima huishi siku 120 hivi. Iliyopinda huvunjika ndani ya siku 10 hadi 20, ndiyo maana mtoto hupungukiwa damu na macho kuwa ya manjano. Nyingine hukwama kwenye mishipa midogo, na mfupa uliokosa damu huuma vibaya sana.

Mwenye AS, yaani nakala moja ya A na moja ya S, kwa kawaida ni mzima. Analima, anacheza mpira, anazaa, na huenda akazeeka bila kujua amebeba nini. Watu wawili wa AS wakioana, kila mmoja humpa mtoto nakala moja tu kati ya mbili zake. Katika kila mimba, nafasi ya mtoto kuwa AA ni robo, kuwa AS ni nusu, na kuwa SS ni robo. Mtoto wa SS amepokea S ya mama na S ya baba; ya mmoja isingetosha kumpa hali hiyo.

Hiyo robo inaeleweka vibaya. Wapo wazazi wanaodhani kwamba wakishapata mtoto mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa salama. Sivyo. Ni kama kurusha shilingi: haikumbuki ilivyoanguka jana. Familia moja inaweza kupata watoto wanne wazima, na jirani yao akapata wawili wa SS mfululizo.

Kwa nini basi jeni yenye madhara haya imeenea hivi kwetu? Mwaka 1949, Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali nchini humo. Aliwakuta wenye S wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini wachache kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ramani hiyo ilifanana na ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba AS humkinga mtoto dhidi ya malaria kali. Kwa vizazi vingi, watoto wa AS waliponea pale wenzao walipokufa, wakakua, wakazaa, wakairithisha S. Lakini kinga hiyo isimdanganye mzazi wa mtoto wa SS: yeye malaria inaweza kumuua haraka, kwa hiyo chandarua na dawa za kinga ni lazima.

Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Wengi huonekana wazima miezi ya mwanzo kwa sababu bado wana hemoglobini ya tumboni, ambayo haipindishi chembe. Ikipungua, ugonjwa unajitokeza.

Wanaotaka kuoana na wajue hili: kipimo cha haraka cha kuangalia kama chembe zinapinda hakitofautishi AS na SS. Ombeni kinachotaja aina ya hemoglobini, na mpime wote wawili. Mama akisema "kwetu hakuna," na baba akasema "kwetu hakuna," huenda wote wanasema kweli wanavyojua, kwa sababu S inaweza kupita kimya kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu bila mtu kulazwa hata siku moja.