Kiriba, Zumari na Endara

Neno kiriba, yaani mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji, limetokana na Kiarabu. Huko Ghuba neno hilohilo, likitamkwa jirba, ni jina la zumari yenye mfuko: mpigaji huujaza pumzi, kisha huubana kwa mkono ili sauti isikatike.

Ala ya jamii hiyo ilikaribia kusahaulika kabisa nchini Sweden. Gudmunds Nils Larsson, mpigaji wa mwisho wa jadi katika jimbo la Dalarna, alifariki mwaka 1949. Lakini Mats Rehnberg alikuwa amekwisha kuchapisha utafiti wake mwaka 1943, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 fundi Leif Eriksson, akishirikiana na mpiga fidla Per Gudmundson, aliiunda upya kwa kufuata zile za makumbusho. Mbao hudumu, ulimi wa tete, ambao ndio utoao sauti, huharibika upesi.

Endara, marimba ya Wakonzo, ndugu wa Wanande wa Butembo na Beni kwa lugha na nasaba, ina udhaifu uo huo. Vipande vyake hulazwa juu ya magogo ya mgomba, na magogo huoza. Makumbusho yatahifadhi nini, ikiwa si mbao zisizo na mpangilio?

Hugh Tracey alirekodi muziki wa Wanande mwaka 1952. Santuri, hata hivyo, haitaji mti uliochongwa wala jina la kila kipande. Hayo huulizwa kwa mafundi wazee, tena kwa Kinande, kwa maana tafsiri hupoteza istilahi kwanza.